Kashata za Oti kwa Dakika Tano: Maikrowevu Inapasha Nini Hasa?

Weka ndani ya maikrowevu mabakuli mawili: moja lenye maji nusu kikombe, jingine lenye oti kavu kiganja kimoja, moja kwa moja kutoka kwenye pakiti. Washa kwa dakika moja. Maji yatatoka yakifuka mvuke, na oti utazishika kwa mkono bila wasiwasi. Vyote viwili vimekaa ndani ya sanduku lilelile, kwa muda uleule, kwa umeme uleule.

Tofauti hiyo inaeleza karibu kila kitu kuhusu mashine hii ambayo wengi wetu tunaitumia kupashia wali wa jana tu. Maikrowevu hupasha kwanza maji yaliyomo ndani ya chakula, na chakula chenyewe kinaivishwa na maji hayo. Anayelielewa jambo hilo atajua kwa nini nyama iliyoganda huiva kingo huku katikati bado ni barafu, kwa nini chapati ikizidishwa muda hugeuka kama soli ya kiatu, na jinsi ya kutengeneza kashata za oti na matunda kwa dakika tano bila kuwasha oveni.

Kitafunio kilichoyeyuka mfukoni

Mwaka 1940, wanafizikia wawili wa Chuo Kikuu cha Birmingham nchini Uingereza, John Randall na Harry Boot, walitengeneza kifaa kidogo cha kutoa mawimbi mafupi yenye nguvu kubwa kuliko yaliyowahi kupatikana kabla. Kifaa hicho ni aina mpya ya magnetroni. Uingereza ilikuwa vitani, na magnetroni iliziwezesha rada kuziona ndege na manowari za adui usiku na mawinguni. Mwaka huohuo Waingereza walikivusha kifaa chao hadi Marekani ili viwanda vya huko viwasaidie kukiunda kwa wingi. Sehemu kubwa ya kazi hiyo iliangukia kampuni ya Raytheon, jimboni Massachusetts, na mtu aliyebuni njia ya kuharakisha uundaji wake alikuwa Percy Spencer.

Spencer alizaliwa mwaka 1894 katika mji mdogo wa Howland, jimbo la Maine. Aliacha shule angali mtoto akaenda kufanya kazi kiwandani. Fizikia alijifunza mwenyewe kwa kusoma vitabu usiku akiwa zamu jeshini, alipojiunga na wanamaji. Mwaka 1945, akiwa amesimama karibu na magnetroni iliyokuwa ikifanya kazi, aligundua kuwa kitafunio alichokuwa nacho mfukoni kimeyeyuka. Masimulizi mengi husema kilikuwa chokoleti. Mjukuu wake amesimulia kuwa kilikuwa kitafunio cha karanga, ambacho babu yake alizoea kukibeba ili kuwarushia kindi wakati wa mapumziko. Kama ndivyo, basi kilichoyeyuka siku hiyo kilikuwa ndugu wa karibu wa kashata.

Spencer hakuishia kupangusa mfuko. Aliagiza mahindi ya bisi, akayaweka mbele ya magnetroni, nayo yakaanza kuruka huku na huko. Kisha akaja kujaribu yai. Mwenzake mmoja alisogea kulitazama kwa karibu, na yai likampasukia usoni. Tarehe 8 Oktoba 1945 kampuni iliwasilisha ombi la hataza kwa jina la Spencer, na hataza ikatolewa mwaka 1950.

Maikrowevu ya kwanza kuuzwa, iliyoitwa Radarange, ilitoka mwaka 1947. Ilikuwa na urefu wa karibu mita 1.8 na uzito wa takribani kilo 340, na ilihitaji bomba la maji kwa ajili ya kuipoza. Walioimudu walikuwa wenye hoteli na meli. Ilichukua miaka 20 mashine hiyo kupungua hadi kukaa juu ya meza ya jikoni: mwaka 1967 kampuni ya Amana, iliyokuwa chini ya Raytheon, ilitoa ya nyumbani kwa dola 495.

Sogeeni mbele, rudini nyuma

Molekuli ya maji ina oksijeni moja na haidrojeni mbili, lakini umeme wake haukugawanyika sawasawa. Upande wa oksijeni una chaji hasi kidogo, na upande wa haidrojeni una chaji chanya kidogo. Kwa hiyo molekuli hiyo ikikutana na uga wa umeme hujaribu kugeuka ili ikae sawa nao. Sasa, mawimbi ya maikrowevu ni ya umeme na sumaku, na uga wake hugeuza mwelekeo na kurudi mara bilioni 2.45 kwa sekunde.

Fikiria daladala iliyojaa abiria waliosimama, kondakta akipaza sauti, “Sogeeni mbele!” na kabla hawajasogea, “Rudini nyuma!”, bila kupumzika. Hakuna anayefika popote, ila kila mmoja anamsukuma mwenzake, na gari zima linajaa joto. Molekuli za maji ziko katika hali hiyo. Zinageuzwa huku na kule, zinagongana na jirani zake, na misukosuko hiyo ndiyo joto. Wanga, protini na nyuzi za chakula zilizo karibu zinapata joto kutoka kwenye maji hayo.

Oti kavu zina maji kidogo sana, ndiyo maana hazikupata joto la maana. Barafu nayo, ingawa ni maji, molekuli zake zimefungamana na haziwezi kugeuka kwa urahisi. Mara tu ukingo wa nyama iliyoganda unapoyeyuka, maji ya pale hunyonya nguvu nyingi kuliko barafu ya katikati, na ukingo huiva kabla kati haijalegea. Mafuta na sukari pia hunyonya mawimbi, lakini kwa kiasi kidogo kuliko maji.

Wako wanaosema maikrowevu hupika kuanzia ndani kwenda nje. Si kweli. Katika vyakula vingi vyenye maji, mawimbi hupenya sentimita chache tu huku yakipungua nguvu. Sehemu ya ndani zaidi husubiri joto lisafiri lenyewe kutoka pembeni, kama ilivyo kwenye sufuria yoyote. Ndiyo sababu maelekezo ya pakiti husema uache chakula kitulie dakika moja au mbili baada ya mashine kuzima: muda huo joto linaendelea kusambaa.

Kwa nini sahani inazunguka

Mawimbi hayo yana urefu wa takribani sentimita 12.2. Yanapogonga kuta za chuma hurudi, yakakutana na yanayokuja, na mahali pengine yanaongezeana nguvu huku mahali pengine yakifutana. Matokeo yake ni kwamba ndani ya sanduku kuna madoa ya joto kali na madoa yasiyopata joto kabisa, na hayahami. Sahani inazungushwa ili kila sehemu ya chakula ipitie kwenye madoa ya aina zote mbili.

Jambo hili unaweza kuliona kwa macho. Toa sahani inayozunguka pamoja na kiringi chake, weka ndani sahani ya kawaida ya kioo iliyogeuzwa kifudifudi, na juu yake laza bapa kubwa la chokoleti. Washa kwa sekunde 20 hivi, ukitazama, na uzime mara tu chokoleti inapoanza kuyeyuka. Utaona madoa machache yaliyoyeyuka huku sehemu nyingine zikiwa bado ngumu. Pima kwa rula umbali kati ya doa na doa: utakuta karibu sentimita 6, yaani nusu ya urefu wa wimbi. Zidisha kwa mbili, kisha uzidishe na zile bilioni 2.45. Jibu, ukiligeuza kutoka sentimita kuwa kilomita, litakaribia kilomita 300,000 kwa sekunde, ambayo ni kasi ya mwanga. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuipima kasi hiyo jikoni kwa rula ya shule, na chokoleti ikaliwa baadaye.

Kashata zenyewe

Tuingie jikoni tukiwa na mambo mawili tuliyojifunza: maji ndiyo yanayopata joto, na joto halienei sawasawa. Mahitaji ni haya:

– Oti bapa vikombe 2, takribani gramu 200
– Tende laini 10, zilizotolewa kokwe na kukatwakatwa
– Ndizi mbivu 1, iliyopondwa
– Asali vijiko vikubwa 3
– Siagi vijiko vikubwa 3
– Zabibu kavu au embe kavu lililokatwakatwa, nusu kikombe
– Karanga za kukaanga zilizotwangwa kidogo, robo kikombe
– Iliki au mdalasini, na chumvi kidogo

Anza na tende. Ziweke kwenye bakuli la kioo pamoja na siagi, asali na vijiko viwili vya maji, kisha uzipashe kwa dakika moja. Tazama kupitia mlangoni: asali itaanza kutokota upande mmoja wa bakuli huku kipande cha siagi upande wa pili kikiwa bado kimesimama. Yale madoa ya joto hayo. Toa bakuli, ponda kwa uma hadi upate rojo zito la kahawia. Vile vijiko viwili vya maji vina kazi. Bila hivyo tende hazina unyevu wa kutosha kulainika haraka, na sukari iliyo pembeni huwahi kuungua.

Ongeza ndizi, oti, matunda makavu, karanga na viungo, uchanganye hadi kusiwe na oti iliyobaki kavu. Unyevu wa ndizi na asali ndio utakaozipelekea oti joto, kwa kuwa zenyewe haziwezi kulipata. Hakikisha zabibu zimefunikwa ndani ya mchanganyiko. Zabibu iliyoachwa juu hupoteza maji yake machache mapema, na sukari yake huungua na kutoa harufu kali wakati sehemu nyingine ya kashata bado ni mbichi.

Gandamiza mchanganyiko kwenye chombo cha kioo cha mviringo chenye upana wa sentimita 20 hivi, kilichotandikwa karatasi ya kuokea. Tumia mgongo wa kijiko kilicholowa maji, na ubonyeze kwa nguvu; kashata isiyobonyezwa humomonyoka. Unene usizidi sentimita 2, ili mawimbi yafike katikati. Chombo cha mviringo ni bora kuliko cha pembe nne, maana kwenye pembe mawimbi hushambulia kutoka pande mbili, na pembe hukauka kabla ya katikati kuiva.

Pika dakika mbili kwa nguvu zote, acha itulie dakika moja, kisha pika dakika mbili kwa nusu nguvu. Ukitega sikio utasikia mashine ikivuma, ikinyamaza, ikivuma tena. Kwa maikrowevu nyingi za kawaida, nusu nguvu maana yake ni magnetroni kuwashwa na kuzimwa kwa zamu, na vipindi vile vya ukimya vinalipa joto nafasi ya kusambaa. Muda huu ni wa mashine ya wati 700 hadi 800. Kashata ziko tayari uso unapokuwa mkavu ukiugusa na kingo zimeanza kuachana na chombo.

Usizikate zikiwa za moto, zitavunjika. Wanga wa oti umenyonya maji na kuvimba, sukari ya tende na asali imekuwa nzito, na nyuzi laini za oti zimetengeneza utelezi unaonata. Vyote hivyo vinashikana kadiri joto linavyoshuka, na siagi nayo inaganda. Ziache zipoe, kisha ziweke kwenye friji saa moja, ndipo ukate vipande 12. Ukitumia mafuta ya nazi badala ya siagi, kumbuka kwamba huyeyuka kwenye nyuzi joto 24 hivi. Aliyeko Njombe au Limuru hataona tofauti, lakini kwa Dar es Salaam, Mombasa au Muscat kashata hizo zikae kwenye friji hadi dakika ya kuliwa. Kwa sababu ya ndizi, zimalizwe ndani ya siku nne au tano.

Rangi ya kahawia imekwenda wapi?

Jambo moja maikrowevu haitakupa, nalo ni ule uso wa kahawia wenye harufu ya kuokwa. Mwaka 1912 mwanakemia Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza jinsi sukari na asidi amino zinavyoungana kwenye joto na kuzaa rangi na ladha mpya. Tukio hilo ndilo linalotupa ganda la mkate, rangi ya mandazi na harufu ya nyama choma. Hufanyika haraka joto likifika nyuzi 140 na zaidi. Lakini chakula kinachopashwa kwa maji yake yenyewe hakipiti sana nyuzi 100 mpaka maji yaishe, na hewa ndani ya maikrowevu haina moto wa kuuchoma uso.

Dawa yake ni kikaango. Zikaange oti kavu bila mafuta kwa moto mdogo, ukikoroga dakika tano, mpaka zinukie kama karanga na kubadilika rangi kidogo. Kazi ya rangi na harufu umeimaliza hapo. Maikrowevu itabakiwa na kazi inayoiweza. Asiye na maikrowevu naye hakukosa kitu: mchanganyiko uleule ukikorogwa kwenye sufuria juu ya moto mdogo kwa dakika kumi, kisha ukagandamizwa na kupozwa, unatoa kashata nzuri vilevile. Anachozidiwa ni muda na mkono wa kukoroga.

Kwenye umeme, mashine yenye kutoa wati 800 huvuta takribani wati 1,200 kutoka ukutani. Dakika tano zake ni kama sehemu moja ya kumi ya uniti. Oveni ya umeme, ukihesabu muda wa kuipasha kabla ya kuoka, inaweza kula karibu uniti nzima kwa sinia moja la kashata kama hizi.

Hofu zenye msingi na zisizo nao

Mawimbi haya ni ya jamaa moja na ya redio na simu. Hayana nguvu ya kuvunja chembe za urithi kama iliyonayo mionzi ya eksirei. Mlango ukifunguliwa magnetroni inazimika, na hakuna mawimbi yanayobaki ndani ya chakula. Wavu wa chuma kwenye kioo cha mlango una matundu ya milimita moja au mbili, na wimbi la sentimita 12 halipenyi hapo kirahisi. Kiasi kidogo sana kinachovuja ndicho wakati mwingine kinachovuruga intaneti ya nyumbani mashine ikiwa imewashwa, kwa sababu Wi-Fi nayo hutumia mawimbi ya jirani kabisa na hayo.

Hatari za kweli ni za kawaida zaidi. Maji yaliyopashwa kwenye kikombe laini yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka, kisha yakafoka ghafla ukitia kijiko au majani ya chai. Yai lenye ganda hupasuka, kama lilivyompasukia mwenzake Spencer. Sahani yenye mchoro wa dhahabu hutoa cheche. Kopo la plastiki lililoletwa na siagi au aiskrimu halikutengenezwa kwa ajili ya joto; tumia kioo au kauri. Na mlango uliopinda au usiofunga vizuri upelekwe kwa fundi kabla ya kuwasha tena.

Je, kashata hizi ni dawa?

Sifa ya oti kwa moyo ina historia yake. Mwaka 1963 watafiti wa Uholanzi walichapisha katika jarida la The Lancet majaribio ya wanaume 21 waliokula kila siku mkate uliotiwa gramu 140 za oti. Baada ya wiki tatu, kolesteroli yao ilikuwa imeshuka kwa takribani asilimia 11. Baadaye ilifahamika kwamba mhusika mkuu ni betaglukani, ule utelezi unaouona uji wa oti ukipoa. Ukifika tumboni hunasa asidi za nyongo na kutoka nazo. Ini hulazimika kutengeneza nyingine, na malighafi yake huichota kutoka kwenye kolesteroli ya damu. Mwaka 1997 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu watengenezaji waitaje faida hiyo kwenye pakiti, kwa kipimo cha gramu 3 za betaglukani kwa siku.

Sasa tupige hesabu. Gramu 200 za oti zina takribani gramu 8 za betaglukani. Ukizigawa kwa kashata 12, kila moja ina karibu theluthi mbili za gramu. Ili kuzifikia gramu 3 utahitaji kula zaidi ya nne, na kila moja ina takribani kalori 180, zikitoka pia kwenye siagi, asali na tende. Kalori zaidi ya 700 ni mlo kamili, na mwenye kisukari asidanganywe na neno “asilia”: sukari ya asali na tende ni sukari. Asali pia haifai kabisa kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja.

Gramu 3 hizo zinapatikana pia katika mabakuli mawili ya uji wa oti kwa siku, bila siagi wala asali. Kwa hiyo mwenye shida ya kolesteroli anywe uji na kufuata ushauri wa daktari wake. Kashata ziwe za chai ya saa kumi na za mkoba wa shule, moja kwa kila mtu.